Posho: Jina Lililopimwa kwa Kibaba

Manispaa niizungumzayo hapa, iliyoko kaskazini-magharibi mwa Brussels, ina majina mawili, na yote mawili ni halali. Wasemao Kifaransa huiita Berchem-Sainte-Agathe. Wasemao Kiholanzi huiita Sint-Agatha-Berchem. Na vibao vya barabarani huandikwa kwa lugha zote mbili. Mkaaji wa hapa huzoea upesi kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mawili bila ya jina moja kuwa kosa la jingine. Uvumilivu huo, kwa bahati mbaya, haufiki daima mezani petu sisi tutokao Afrika ya Mashariki na Kongo.

Chukua sahani iliyo ya kawaida kuliko zote: unga wa mahindi uliosongwa katika maji ya moto hadi ukashikana. Mtu wa Dar es Salaam atauita ugali, wa Mombasa sima, wa Bukavu bugali, wa Lubumbashi bukari. Mtu wa Kinshasa atasema fufu, ingawa yeye aghalabu huchanganya na muhogo. Mtu wa Kampala atasema posho. Katika karamu moja ya ubatizo hapa Berchem nilishuhudia majina yote hayo yakikutana juu ya meza moja, na ugomvi mdogo ukazuka. Mama mmoja wa Kampala alikuwa amesema tu kwamba posho imepoa, tuipashe moto. Kijana wa Kitanzania akamwambia, kwa adabu lakini kwa sauti ya mwalimu, "Dada, posho tunapewa mkutanoni. Hatuili kwa maharage." Mama akamjibu bila kugeuka, "Nyinyi ndio mnaoila kuliko sisi." Watu walipomaliza kucheka, bibi mmoja wa Lubumbashi akaongeza la kwake: "Kwetu, siku ya posho njo samedi."

Kicheko kile kilikuwa kizuri. Lakini chini yake palikuwa na hukumu ambayo wasomi wa Kiswahili tumeisikia mara nyingi, na baadhi yetu tumeitoa wenyewe: kwamba Kiswahili cha Uganda na cha Kongo ni Kiswahili kilichopotoka, na kwamba mtu aitaye ugali "posho" amechukua neno la watu na kulibandika pasipo mahali pake. Nadhani hukumu hiyo haina msingi. Anayesema "posho" akimaanisha chakula yuko karibu zaidi na historia ya neno kuliko anayelisema akimaanisha bahasha ya fedha, na yule bibi wa Lubumbashi analo jambo la kutufundisha sisi sote.

Tuanze na majina mengine. Ugali, bugali, bukari, pamoja na ubwali wa Wabemba wa Zambia, ni ndugu wa ukoo mmoja. Kila lugha imelitamka neno la kale la Kibantu kwa namna yake, kiambishi cha mwanzo kikabaki au kikadondoka, konsonanti ya kati ikabaki, ikawa ngumu au ikayeyuka. Neno hilo ni la kale kuliko mahindi yenyewe katika bara letu. Mahindi yalitoka Amerika, yakaja na Wareno na wafanyabiashara wa bahari, na watu wa pwani wakayaita kwa jina la Hindi, kama ilivyokuwa desturi ya kuvipa vitu vigeni asili ya ng'ambo iliyojulikana. Kabla yake ugali ulisongwa kwa mtama, uwele na ulezi. Mahindi yalipoingia chunguni yaliukuta ugali umekwisha kuwa na jina. Hili ni jina la jikoni, lililopokewa kwa mama na kwa bibi.

Posho si wa ukoo huo. Kando ya nomino hiyo kuna kitenzi kuposha, yaani kumpa mtu posho, na hicho peke yake chatuambia kwamba katikati ya neno hili wamesimama watu wawili, mmoja anayepima na mwingine anayepimiwa. Ugali waweza kusonga mwenyewe ukala mwenyewe. Posho haiwezi kuwepo bila ya mkono wa pili.

Mkono huo tunauona wazi katika misafara ya karne ya 19. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, aliliandika neno posho kama neno la kawaida la safari. Nataja tarehe hizo kwa makusudi, kwa sababu kuna wanaodai kwamba posho ni "portion" ya Waingereza iliyotamkwa na midomo ya askari. Dai hilo lavutia sikio, lakini neno lilikuwa limekwisha kuzoeleka katika njia ya Bagamoyo na Tabora miongo kadhaa kabla ya Mwingereza yeyote kuwa mwajiri mkubwa huko bara.

Kipimo cha posho kilikuwa kibaba. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na kibaba kimoja cha nafaka kwa siku ndicho kilichohesabiwa kuwa chakula cha mpagazi. Wasomaji wanaijua methali ya haba na haba. Wachache hukumbuka kwamba kibaba chenyewe kilikuwa pia chombo cha ugomvi. Nafaka yaweza kumiminwa hadi ikafanya kichungu juu ya mdomo wa kibaba, au ikasawazishwa kwa kiganja, na tofauti ya hizo mbili, kwa mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri, ni usingizi wa shibe au wa njaa. Mahali ambapo nafaka haikuwepo mkononi, posho ilitolewa kwa shanga au kwa vipande vya kitambaa cha merikani, mpagazi akaenda mwenyewe kununua chakula kijijini. Kwa hiyo tangu zamani hizo posho ilikuwa na sura mbili, chakula na thamani ya chakula. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira waliojua haki zao. Walitua mizigo, waligoma, walitoroka, na mara nyingi sababu ilikuwa posho.

Inafaa kutofautisha posho na mshahara. Mshahara ni neno la Kiarabu lenye mwezi ndani yake. Ni malipo ya mwezi kwa mwezi. Kibarua, yule mfanyakazi wa siku, alipata jina lake kwenye kijibarua alichopewa kuthibitisha kazi yake. Msamiati wetu wa kazi umejaa kalenda na karatasi. Katika orodha hiyo posho ndiyo iliyo karibu zaidi na tumbo: si malipo ya kazi iliyofanyika, bali ni kile kinachomwezesha mtu kuifanya kazi ya kesho.

Katikati ya jiji la Brussels, hatua chache kutoka jengo la Bourse, kuna mtaa uitwao Rue de Tabora, Taborastraat kwa Kiholanzi. Watalii huupita wakienda kunywa bia. Jina lake ni ukumbusho wa Septemba 1916, majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yalipoiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani. Mji uliokuwa moyo wa misafara, mahali ambapo vibaba havihesabiki vilikuwa vimepimwa, ukageuka kuwa kibao cha ushindi katika mji mkuu wa Ulaya. Majeshi yale yalikwenda kwa migongo ya wapagazi, kama yalivyokwenda ya Waingereza na ya Wajerumani. Kwa upande wa Waingereza kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, nasi tukakipokea kwa ulimi wetu: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Geoffrey Hodges, aliyeandika historia ya kikosi hicho, ameeleza jinsi posho ilivyoua. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwa kuni mbichi au kwa maji machache, ulipewa watu waliozoea ndizi au uwele, na kuhara damu kukafanya kazi ambayo risasi hazikuifanya. Katika vita hiyo posho ilikuwa imekwisha kuwa unga wa mahindi na karibu hakuna kingine.

Ndivyo neno lilivyofika sahani ya Uganda. Buganda ni nchi ya matooke. Unga wa mahindi haukuja kwa njia ya shamba la mama. Ulikuja kwa njia ya kambi ya askari, reli, gereza, hospitali na shule ya bweni, mahali ambapo mtu mmoja huwapikia mia kutoka ghala moja. Katika sehemu hizo zote chakula kile kilikuwa posho kwa maana ileile ya Burton, yaani kiasi alichotengewa kila mmoja. Siku zikapita, kiasi kikasahaulika, kikabaki chakula. Luganda ina jina lake, akawunga, lakini posho ndilo lililoshika nchi nzima, likavuka mipaka ya makabila pale ambapo Kiswahili chenyewe kilipokelewa kwa mashaka. Hili halikosi kejeli. Amri ya mwaka 1973 ya Idi Amin ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa haikuwashawishi wengi, na wengi waliendelea kukiona kuwa lugha ya mwenye bunduki. Neno posho halikuhitaji amri. Liliingia kupitia foleni ya chakula cha mchana shuleni, na leo Mganda anayekataa katakata kwamba anajua Kiswahili ataagiza posho na maharage bila kusita. Kenya ilisimama njiani: huko posho ilikuwa mgao wa unga aliopewa mfanyakazi wa shamba la mlowezi pamoja na ujira wake, na mashine ya kusagia mahindi ikaitwa "posho mill", jina linalotumika vijijini hadi sasa, ilhali chakula chenyewe kiliendelea kuitwa ugali.

Sasa turudi kwa bibi wa Lubumbashi, ambaye nadhani ndiye mwenye kiini cha habari yote.

Wafanyakazi wa Kizanzibari waliochukuliwa na Stanley kwenda Mto Kongo tangu mwaka 1879, na wengine waliowafuata, walikwenda na maneno yao ya safari. Katika vituo vya Dola Huru ya Kongo na katika jeshi lake, Force Publique, mgao wa chakula au wa mitako ya kununulia chakula ulikuwa ni jambo la utaratibu, na lugha iliyokua katika vituo hivyo, Kilingala, ina neno mposo. Maana yake si chakula. Maana yake ni wiki. Jumamosi kwa Kilingala ni mokolo ya mposo, siku ya mposo. Upande wa pili wa nchi, katika Kiswahili cha Katanga, Jumamosi ni siku ya posho. Lugha mbili, pembe mbili za nchi kubwa, na katika zote mbili siku ya mwisho ya kazi ina jina la mgao. Sauti, maana na njia ya safari vyote vyakubaliana. Sioni namna nyingine ya kulisoma jambo hili.

Msomaji wa pwani na alilinganishe na juma lake mwenyewe. Sisi tunahesabu kutoka Ijumaa, siku ya sala ya pamoja. Jumamosi ni mosi kwa sababu ndiyo siku ya kwanza baada ya sala hiyo, na Alhamisi inatujia na hesabu yake ya Kiarabu. Hata Mkristo wa Mbeya anayekwenda kanisani Jumapili huhesabu siku zake kwa msikiti bila kujua. Katanga ilikipokea Kiswahili na kuiacha hesabu hiyo. Huko siku ya kwanza ni Jumatatu, kwa kuwa ndiyo siku ya kwanza ya kazi, na hesabu inakwenda hadi inafika siku ya posho, kisha Jumapili ya mapumziko. Ni kalenda iliyotungwa mbele ya mlango wa ghala.

Ghala hilo lilikuwa la nani? Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikileta mitambo na pia unga wa mahindi kutoka Rhodesia. Watu waliandikishwa kutoka mbali, na Kiswahili, kama alivyoonyesha Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, kilipewa nafasi kama lugha ya kazi kwa sababu zilizohusiana pia na hofu ya Wabelgiji kwa ushawishi wa Kiingereza kutoka kusini. Kuelekea mwaka 1928 kampuni ilianza sera ya kuwatuliza wafanyakazi: mikataba mirefu, wake waliokaribishwa kambini, nyumba, zahanati, shule. Posho ikapimwa kwa familia, mke akiwa na kiasi chake na watoto kiasi chao. Madaktari wa kampuni walihesabu nguvu iliyomo katika unga kama wahandisi walivyohesabu makaa ya mawe.

Hapa ndipo Berchem inapoingia katika habari hii kwa haki yake yenyewe. Kati ya mwaka 1922 na 1925 msanifu majengo Victor Bourgeois alijenga katika manispaa hii mtaa wa makazi uitwao Cité Moderne, nyumba nyeupe za zege zenye paa bapa, zilizokusudiwa watu wa kipato kidogo na kuendeshwa kwa ushirika wa wapangaji. Ulipata tuzo kubwa katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1925, na wanafunzi wa usanifu wangali wanakuja kuutazama. Uwanja wake wa kati unaitwa Place des Coopérateurs, Uwanja wa Wanaushirika. Nimeupita mara nyingi nikiwa na mfuko wa unga mkononi, nikawaza juu ya muongo huo mmoja. Mfanyakazi wa Berchem alipewa nyumba na uwanja uliomwita mshirika. Mfanyakazi wa Elisabethville naye alipewa nyumba, na siku iliyoitwa kwa jina la mgao wake. Wote wawili waliishi chini ya bendera moja. Sidai kwamba zege la Berchem lilinunuliwa kwa shaba ya Katanga; hiyo ingekuwa hesabu rahisi mno. Nasema tu kwamba majina yanatunza tofauti ambayo picha za nyumba nyeupe haziionyeshi.

Wala wapimiwaji hawakuwa kimya. Mnamo Desemba 1941, bei zikiwa zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai nyongeza ya ujira, na tarehe 9 askari walifyatua risasi juu ya umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, wakaua makumi ya watu. Baada ya uhuru kampuni ilitaifishwa, ikawa Gécamines, na mgao wa unga ukaendelea hadi kampuni ilipoporomoka katika miaka ya 1990. Donatien Dibwe dia Mwembu aliipa historia yake ya familia za wafanyakazi hao, iliyotoka mwaka 2001, jina lisemalo kwamba wana wa Shaba wametupwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Mgao ulikoma, lakini siku ya posho ingali inakuja kila wiki, na watu hufanya miadi ya harusi juu yake.

Juu ya Tanzania naweza kupita upesi, maana kila msomaji anaijua habari. Huko sura ya pili ya posho, ile ya shanga na merikani, ndiyo iliyoshinda: thamani badala ya chakula. Posho ya safari, posho ya kikao, posho ya wabunge iliyozua mjadala mkali mwaka 2011. Pamoja na hayo lugha haijasahau kabisa, kwa kuwa fedha hiyo bado tunasema tunaila, na bado kuna karani na karatasi ya kutia saini. Kijana wetu wa karamuni aliposema kwamba posho hailiwi, kitenzi chake mwenyewe cha kila siku kilimpinga, na mama wa Kampala alikisikia kabla yake.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Je, kumwambia Mganda kwamba chakula chake kina jina la mgao wa wapagazi si kumdhalilisha? Sioni hivyo. Watoto wa Kampala waliokula posho shuleni wanaikumbuka kwa mchanganyiko wa kinyaa na mapenzi kama kila mtoto wa bweni, na anayeipika Berchem siku ya baridi anapika kumbukumbu hizo. Neno likishakaa jikoni vizazi vitatu huwa la jikoni. Udhalilishaji uko kwa anayesema kwamba neno hilo limekosewa, kwa sababu hapo anafuta njia yote, kutoka Tabora hadi kambini hadi shuleni, na kubakiza ulimi uliopotoka.

Kwa hiyo ningependa kuona kidahizo cha posho kikiandikwa kwa ukamilifu. Kingeanza na mgao wa chakula cha siku, wenye kipimo cha kibaba. Kingefuata na fedha au kitu kinachotolewa badala ya chakula hicho. Kisha unga wa mahindi, kwa matumizi ya Kenya. Kisha chakula kinachosongwa kwa unga huo, kwa matumizi ya Uganda. Na mwisho, katika msemo siku ya posho, Jumamosi, kwa matumizi ya Katanga, pamoja na dokezo la kumpeleka msomaji kwenye mposo ya Kilingala. Mbele ya maana ya nne na ya tano nisingeandika neno "lahaja" wala "si sanifu". Ningeandika majina ya mahali tu.